Mwalimu Aliyewauliza Waliocheka

Akiwa na jambo zito la kumuuliza mwanafunzi, Mwalimu wa Zamu alikuwa anatafuta mchele kwanza. Anakutuma ungo nyumbani kwake, ile nyumba ya pili kutoka bwalo la chakula, anamimina mchele, anakaa kwenye kigoda, wewe anakukalisha mkekani, mnaanza kuchambua. Hasemi kitu. Unatoa chuya, unatoa mawe, mpaka unasahau kwamba umeitwa. Hapo ndipo anauliza, macho yake yakiwa bado kwenye ungo, kama mtu anayeongea na punje.

"Mtu akitazama mchele haoni haya," alikuwa akisema. "Ukimkazia macho anakujibu kile unachotaka kusikia, kisha anaondoka nacho cha kweli."

Jina hilo tulimpa sisi. Shuleni kwetu, sekondari ya bweni chini ya milima, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kila mwalimu alikuwa na wiki yake ya zamu. Yeye alikuwa na za kwake na za wenzake. Mwalimu akitaka kwenda harusini Kilosa anamwachia, mwingine akiuguliwa anamwachia, na hata pasipo na aliyemwachia ungemkuta jioni anazunguka nyuma ya mabweni, kandambili zake za buluu zikipiga chapa-chapa. Alikuwa nazo hata siku ya mahafali, viatu vikiwa mkobani, eti vitavaliwa mgeni rasmi akifika. Mgeni akafika, akahutubia, akaondoka, viatu vimo mkobani.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mchelewaji wa kutupwa. Alituadhibu kwa kuchelewa mstarini, na yeye kipindi chake cha Uraia akaingia robo yake imekwisha, anahema, ushungi umemteleza mpaka mabegani. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa mwili ule mfupi. Akinong'ona, bwalo zima linajua siri. Akikukasirikia alikuwa anaweka kinyongo muhula mzima, na sukari yake aliibana kama dawa. Na umbea! Alitukataza kusengenya kwa maneno makali kabisa, lakini saa za mchana alikuwa amekaa kwa fundi cherehani wa shule, anajua nani kaachika Mlali na nani kajenga Kihonda. Siku moja Mwanaidi, jirani yangu wa dawati, msichana wa mjini asiyeogopa mtu, akamuuliza imekuwaje.

"Mimi sisengenyi," akajibu bila kupepesa. "Mimi napata taarifa."

Fimbo alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kufukuzia mbuzi wa jirani walioingia kwenye mchicha wake. Sisi hakutuchapa. Sababu alitueleza mwenyewe, darasani, bila kuulizwa, na nadhani ni jambo pekee nililowahi kumsikia akilisema kwa sauti ya chini. Katika shule yake ya kwanza kulikuwa na mvulana aliyekuwa akipigwa makofi ya kisogoni na mkubwa mmoja, kila siku, mbele ya wenzake. Yeye, mwalimu kijana mwenye hasira, alipogundua kwamba darasa zima lilikuwa likitazama, akalichapa darasa zima. Alidhani amewafundisha. Kumbe darasa likaamua kwamba mwenye makosa ni yule mvulana aliyewaponza. Hakuna aliyempiga tena. Hakuna aliyemsemesha tena, vilevile. Akala peke yake, akakaa peke yake, na kabla muhula haujaisha akafunga tranka lake akaenda kwao.

"Nilichapa watoto arobaini nikampoteza mmoja," alisema. "Na wale arobaini sijui kama niliwapata."

Sasa nijieleze, maana nisipojieleza hamtajua kwa nini namwandika.

Mimi ni wa Mgeta, juu kabisa, kule ambako kabichi na karoti zinashuka mgongoni na kichwani mpaka barabarani, ndipo zipandishwe kwenye Fuso kwenda Dar. Nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuingia sekondari. Dada yangu aliishia la saba, na alikuwa haoni ubaya. Bustani ilikuwa na kazi na mikono ilikuwa haitoshi. Mama aliniruhusu shingo upande. Baba alikwisha fariki. Kwa maneno mengine, ningerudi nyumbani siku yoyote, hakuna ambaye angeniuliza maswali mawili. Wangenipa jembe na kunikaribisha.

Nami nilikuwa nimeamua kurudi. Nilikuwa kidato cha pili.

Kulikuwa na mvulana darasani kwetu, Shabani, mtu wa Turiani, mrefu, mcheshi, mpira anaujua, walimu wanampenda. Kila niliposimama kujibu swali, yeye alikuwa anavuta sauti ya utingo wa lori: "Shushaaa kabichi!" Darasa linacheka. Mwanzoni nilicheka nami. Baadaye ikawa nikipita bwaloni, shusha kabichi. Nikienda ubaoni, shusha kabichi. Nikinyanyuka kanisani kwenda kukomunika, kuna mtu nyuma anakohoa kile kikohozi cha anayeficha kicheko, na mimi najua. Wakaanza kuniiga ninavyovuta maneno kimlimani. Nikaacha kunyoosha mkono. Kisha nikaacha kuzungumza kabisa, na mwisho nikaacha kula bwaloni, nikawa nasubiri watoke ndipo niende kukwangua sufuria na wapishi.

Jambo ambalo mtu wa mbali hataelewa ni hili: wenzangu hawakuona kwamba wanatazama uonevu. Waliona utani. Shabani Mzigua, mimi Mluguru, na Wazigua na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu. Na kwetu mtu haingilii watani wawili. Mtani anaweza kumwambia mfiwa maneno ambayo mwingine angevunjwa meno, na watu wanacheka, na mfiwa anacheka. Anayeingilia kati ndiye anayeonekana hana adabu, hajalelewa. Kwa hiyo darasa zima lilikuwa na udhuru mzuri, wa kurithi, uliobarikiwa na wazee. Hata mimi niliuamini. Nilijiambia kwamba nina roho nyepesi, sijui utani, nitoke niwaachie shule yao.

Mjomba alikuwa dereva wa Fuso. Nilimpelekea salamu kwa mtu wa sokoni kwamba Jumamosi akiwa anarudi kutoka Dar apite shuleni anichukue. Sikumwambia mtu mwingine.

Mwalimu wa Zamu mimi hakuniita kwenye mchele. Aliniuliza swali moja tu, tulipokutana kisimani: "Letisia, unakula?" Nikasema nakula. Akanitazama kandambili, akatazama zake, akaenda zake. Nilimlaani kimoyomoyo. Mwalimu anayejua hata nani kaachika Mlali, anashindwaje kuona langu?

Kumbe wiki ile nzima alikuwa anaita wengine. Mwanaidi aliitwa. Akaitwa kiranja wetu. Wakaitwa wale wawili wa dawati la nyuma waliokuwa wakipiga meza Shabani akishaanza. Mmoja mmoja, mchana, kila mtu na ungo wake. Shuleni ikasemwa kwamba mwalimu ana wageni, ndiyo maana anachambua gunia zima. Miaka baadaye Mwanaidi alinisimulia ilivyokuwa.

"Nimechambua mpaka mgongo unaniuma, ndio ananiuliza, 'Mwanaidi, lile la kabichi linakuchekesha?' Nikamwambia hapana, mwalimu, lilinichekesha mara ya kwanza tu. 'Sasa mbona unacheka?' Nikamwambia si wote wanacheka? Nikinyamaza mimi nitaonekana najidai, au ndiyo nitafuatia mimi. Akaniuliza, 'Na hao wote, linawachekesha?' Nikasema ndiyo, wao linawachekesha. Akaguna tu. Akaniambia ongeza kasi, mchele haujichambui."

Wote walimjibu hivyohivyo. Kila mmoja alisema yeye binafsi limemchosha, ila wenzake ndio wanaolipenda. Mwalimu alikuwa anatembea na siri ya darasa zima, na darasa lenyewe halikuijua. Alikuwa na usemi wake kuhusu umri ule, aliurudia mara nyingi kwa miaka niliyokuwa pale: "Kijana wa miaka kumi na mitano ni kama mtu aliyeingia msikitini mara ya kwanza. Jirani akiinama anainama, akidhani jirani anajua. Na jirani naye anamtazama yeye."

Alhamisi tulikuwa na Uraia baada ya chai. Akaingia amechelewa, akaandika swali ubaoni kuhusu kazi za halmashauri, akaniita mimi. Nilisimama. Shabani hakuchelewa.

"Shushaaa kabichi!"

Wakacheka. Mwalimu hakugeuka haraka. Alimalizia neno alilokuwa anaandika, akaweka chaki, akapandisha ushungi.

"Nimesikia kicheko kizuri," alisema. "Na mimi nina shida zangu, nataka kucheka. Aliyechekeshwa nalo anyooshe mkono anieleze utamu wake."

Shabani akanyoosha mkono, tena kwa mbwembwe.

"Wewe teremsha, mpishi hasifu mchuzi wake. Nataka walaji. Mmecheka wote, nimewasikia. Limemchekesha nani?"

Mimi nilikuwa bado nimesimama, hakuna aliyeniambia nikae, kwa hiyo nyuso zote nilizipata. Nimekwenda shule nyingi baada ya hapo lakini sijaona tena kitu kama kile. Watu walitazamana. Kila mmoja alimtafuta yule mwenye kuchekeshwa, amsubiri anyooshe mkono, naye anyooshe nyuma yake. Akakosekana. Nje nikasikia wapishi wanaburuza masufuria.

"Mimi halinichekeshi," Mwanaidi akasema, palepale kando yangu, bila kusimama. "Tangu zamani halinichekeshi."

"Hata mimi," mmoja akasema nyuma.

"Hata mimi, mwalimu. Limechuja."

Kiranja akasema hata yeye. Wale wapiga meza wakasema hata wao. Mwalimu hakuonyesha furaha wala ushindi. Aliwasikiliza kama anayepokea mahudhurio.

"Kumbe mlikuwa mnachekeana tu," alisema. "Haya. Letisia, jibu swali."

Nikajibu. Maneno niliyavuta kimlimani kuliko siku zote.

"Umekosa," akasema. "Kaa chini."

Nilikaa, na sikuwahi kufurahia kukosa namna ile. Nilikuwa nimekosa swali kama mwanafunzi yeyote.

Lakini Shabani hakuwa mjinga, na alikuwa ameumia. Akasimama. "Mwalimu, kwani vibaya? Huyu ni mtani wangu. Mimi Mzigua, yeye Mluguru."

Hapo mwalimu akacheka. Alicheka kwa ile sauti yake, mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

"Mtani wake! Si ungesema mapema, baba? Mimi mwenyewe Mluguru, nimefurahi kukupata. Sasa nisikilize. Mtani ana maneno, na mtani ana kazi. Sisi tukifiwa, ninyi ndio mnaochota maji, mnaosimamia vyungu, mnaotuchekesha tusife na sisi. Ndiyo maana mmepewa ruhusa ya kututukana. Mwenzio huyu tangu aje hapa, umemchotea maji lini?"

Shabani akageukia dirishani.

"Na yeye amekurudishia maneno lini? Maana mtani akitupa, anatupiwa. Amekurudishia lini?"

"Hajarudisha, mwalimu."

"Basi huo utani unatembea kwa mguu mmoja. Utaanguka. Kaa."

Ningeweza kuishia hapo na hadithi ikapendeza, lakini ningekuwa nadanganya. Nilikuwa bado naondoka Jumamosi. Maneno ya darasani hayakunitosha; nilijua walimu huja na maneno na kuondoka nayo, na bweni linabaki. Usiku huohuo homa ikanishika, malaria ya kweli, nikalazwa chumba cha wagonjwa. Asubuhi nikasikia mlango unagongwa, na sauti ya Mwalimu wa Zamu nje, ile asiyoweza kuinong'onesha.

"Mtani wako kalala. Ndoo ile pale. Maji ya moto kwa mpishi. Uji usipoe njiani."

Shabani akaingia na ndoo na kikombe cha uji. Alikuwa amenuna kama aliyetumwa kuzika paka. Aliviweka chini, akatoka. Mchana akarudi na ndoo nyingine. Vijana wenzake walikuwa wamekaa kwenye ngazi za bweni lao wanamtazama, naye alijua wanamtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu mwingine akitembea nilivyokuwa natembea mimi, mabega juu, akisubiri kicheko kitakachotokea. Hawakumcheka. Mmoja akainuka akamsaidia ndoo ile alipoikwaza kwenye kizingiti. Sijui kwa nini hilo liliniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Ijumaa jioni nilikuwa nimepata nguvu kidogo. Mwanaidi na wasichana wengine wawili walikuwa wamekuja kuniona, mlango uko wazi. Shabani akafika na ndoo, akasimama mlangoni, na nadhani alitafuta neno lolote tu la kumtoa pale kwa heshima.

"We Mluguru, utapona lini? Kule kwenu mlimani mnaugua wiki nzima?"

Nikamtazama. Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kwetu, nimelivuta lote.

"Weka hapo, Mzigua. Ukamwambie mama yako umepata kazi mjini."

Wasichana walicheka mpaka Mwanaidi akakaa chini. Shabani alisimama mdomo wazi, kisha, kwa kweli kabisa, akaangua kicheko, akaimwaga nusu ya ndoo miguuni mwake. Na kile kicheko nilikijua tofauti yake papo hapo. Ninacho mpaka leo masikioni.

Jumamosi mjomba akaja na Fuso tupu, akapiga honi getini. Nilikwenda nimejifunika shuka.

"Mzigo uko wapi?" akauliza, anafungua mlango wa upande.

"Hakuna mzigo, mjomba. Nilitaka tu kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu unampigisha breki na lori zima kwa ajili ya shikamoo?" Alinitazama vizuri, akaona homa, akaona na lingine. Akatoa machungwa aliyonunua Chalinze, akanipa yote, akapanda lori akaenda Mgeta bila mimi.

Sikumwambia Mwalimu wa Zamu kwamba nilikuwa naondoka. Sijui kama alijua. Kwa miaka iliyobaki alinitendea kama wengine, akaniwekea hata kinyongo mara moja kwa ajili ya daftari. Niliendelea kumwona akiita watu kwenye mchele, na tulijifunza kutazama nani anabeba ungo ili tujue nani hana raha. Si kila mara alifaulu. Kuna msichana wa kidato cha kwanza aliyetajwa kuwa mchawi, na mchele wote wa Turiani haukutosha. Bweni lilikataa kabisa, wazazi wake wakamhamisha. Siku ile mwalimu hakuzunguka mabwenini. Alikaa kwa fundi cherehani na hakupata taarifa yoyote.

Nilimaliza, nikasoma kilimo, leo nina duka la mbegu na dawa za mimea mjini. Shabani yuko kwao, ana mashamba ya mpunga, akipita dukani lazima aniambie bei zangu ni za kilafi kama Waluguru wote. Namrudishia.

Mwaka jana nilikwenda Mlali kuangalia nyanya za wateja zilizoingiliwa na wadudu wale wa kantangaze, nikasikia kwamba Mwalimu wa Zamu amestaafia huko. Nilitafuta nyumba. Nilimkuta barazani, redio inaongea, bata wanamzunguka. Amepungua mwili, sauti haijapungua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita upande huu, hao bata hawana adabu."

Nilikaa. Nilikuwa nimelibeba neno la shukrani kwa miaka mingi, nikalitoa lote kwa mkupuo, na jina langu, na mwaka wangu, na shule. Alinisikiliza kwa makini. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alikuwa ametoka kunieleza habari za diwani wao mpaka za ndani. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye yule waliyekuwa wanakufichia viatu?"

"Hapana, mwalimu."

"Yule wa kigugumizi?"

"Hapana. Mimi wa kabichi. Wa Mgeta."

Akatafuta. Nilimwona anatafuta, kwa bidii, mpaka nikamwonea huruma. "Sikukumbuki, mwanangu," alisema mwisho. "Nisikudanganye."

Nakiri kwamba iliniuma kidogo. Mtu unabeba sura ya mtu maisha yako yote, yeye yako hana.

"Ulirudi darasani?" akaniuliza.

"Nilirudi, mwalimu."

"Ukamaliza?"

"Nikamaliza."

"Basi ndiyo maana," alisema, na uso wake ukatulia. "Waliomaliza wananichanganya, wamekuwa wengi. Ninaowakumbuka ni wale walioondoka."

Akaanza kuwataja. Hakutazama pembeni, hakutafuta. Alitaja jina la kwanza na la baba, kijiji alikotoka, alikuwa anakaa dawati gani, alikuwa anaonewa nini, aliondoka siku ya jua au ya mvua. Alitaja mmoja, akatulia, akataja mwingine, bata wakilia chini ya miguu yetu, na redio akaizima kabisa ili asimruke mtu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikilitafuta jina langu katika hao aliokuwa anawataja, na nikamshukuru Mungu, na yeye, kwamba halikuwemo.